Berlin wakati wa baridi: maelekezo kwa anayetokea Lindi au Mtwara

Anayetoka Kusini kwenda Berlin mwezi wa Desemba au Januari huonywa na kila mtu habari za baridi, lakini ni nadra kumpata wa kumwonya habari za giza. Baridi dawa yake ni nguo. Giza halina nguo. Tarehe 21 Desemba jua la Berlin huchomoza saa mbili na robo asubuhi na kuzama saa kumi kasoro dakika chache alasiri, na mara nyingi hata huo mchana wenyewe ni wa wingu zito, mwanga wake kama wa Magharibi. Mtu aliyezoea Lindi, ambako mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote hupishana kwa saa moja na dakika chache tu, hupanga safari kana kwamba mchana upo siku zote. Akiamka saa tatu, akanywa chai taratibu na kutoka saa tano, zimebaki saa tano za kuona mji.

Basi panga siku nzima kwa kufuata mwanga. Vya nje vyote, yaani mitaa, makaburi ya kumbukumbu, mabaki ya ukuta na bustani, viishe kabla ya saa tisa alasiri. Makumbusho, maduka na kula vina taa, vinaweza kusubiri.

Karatasi kabla ya koti

Visa ni ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Maombi huanza kupokelewa miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kuvutwa hadi siku 45. Kinachowakwamisha watu wengi ni nafasi ya miadi ya kupeleka maombi. Ukitaka kuwa Berlin mwezi Januari, anza kutafuta miadi Agosti au Septemba, na uwe umekwisha kupiga hesabu ya kwenda Dar es Salaam mwenyewe, kwa sababu alama za vidole haziwezi kupelekwa na mtu mwingine. Aliyechukuliwa alama kwa visa nyingine ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita anaweza kusamehewa hatua hiyo.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakiwe na angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ifike euro 30,000 na itaje nchi zote za Schengen. Bima inayotaja Ujerumani peke yake ni kosa dogo linalorudisha faili zima.

Suala la fedha lina mtego wake kwa watu wa mikoa hii. Pesa ya korosho huingia benki kwa mkupuo, mara nyingi kati ya Oktoba na Januari, na miezi mingine akaunti imelala. Afisa wa visa akiona akaunti iliyokuwa na laki mbili ghafla ina milioni kumi na mbili, anachofikiria kwanza ni kwamba umeazimwa pesa za kuonyesha. Ambatisha stakabadhi za mauzo na barua ya chama cha msingi (AMCOS) inayotaja kilo, bei na tarehe ya malipo. Kama unazo za misimu miwili au mitatu, weka zote, ndipo itaonekana kwamba mkupuo huo ni desturi ya kila mwaka. Barua hiyo huwa ya Kiswahili, kwa hiyo itafsiriwe kwa Kiingereza au Kijerumani na igongwe mhuri wa mtafsiri.

Koti la mitumba, kiatu kipya

Januari joto la mchana Berlin huwa karibu nyuzi 3, na usiku hushuka chini ya sifuri. Zipo siku za nyuzi 10 chini ya sifuri, lakini si nyingi. Kinachoumiza zaidi ni upepo na unyevu, ndiyo maana koti zito linalopitisha upepo linashindwa na jepesi lisilopitisha.

Vaa tabaka tatu. La ndani libane mwili na liwe la sufu laini au la nailoni ya michezo, lisiwe la pamba. Pamba hunyonya jasho ikabaki mbichi, nawe ukisimama kituoni dakika kumi inakupoza badala ya kukupasha. La katikati ni sweta la sufu au la manyoya bandia. La juu ni koti la kuzuia upepo, lenye kofia yake na lililoshuka hadi chini ya makalio. Ongeza mzula unaofunika masikio, skafu, glovu na soksi za sufu jozi tatu. Kanga mbili zipate nafasi begini pia: moja inakunjwa shingoni siku skafu imelowa, nyingine ni ya matumizi yake ya kawaida.

Koti usilinunue jipya. Kwenye mitumba ya Mtwara makoti mazito huuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hayana mteja, na ukipita soko la Karume, Dar, utachagua upendavyo. Lililo bora kuliko hayo hupatikana Makambako na Njombe, ambako watu wanalijua koti. Lifungue zipu mara tano juu hadi chini. Zipu inayoruka meno itakuangusha siku ya upepo. Lidondoshee maji begani: yakikaa kama tone, kitambaa bado kizima, yakizama, koti limechoka. Likunje na ulibane kwa viganja viwili. La manyoya ya ndege linapaswa kufutuka lenyewe ndani ya sekunde chache. Mwisho ligeuze ndani nje, uangalie kama utando wa ndani unabanduka kama ngozi ya kitunguu, maana joto na unyevu wa pwani huuharibu hata koti likiwa halijavaliwa.

Kiatu ni kinyume chake. Buti za mitumba zilizokaa miaka zinaweza kupendeza kwa macho, lakini soli za povu huoza ndani kwa ndani kwa unyevu, nawe ukitembea siku mbili soli nzima inamomonyoka au inabaki barabarani. Nunua kipya, chenye soli nene yenye meno, kikubwa kuliko kawaida yako kwa nusu namba hadi moja. Nafasi hiyo ni ya soksi ya sufu na hewa kidogo. Kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole hupata baridi hata ukivaa soksi tatu. Kama hukupata Dar, duka la vifaa vya michezo la Decathlon pale Alexanderplatz wanavyo vya bei nafuu, na kwa nguo zilizotumika kuna duka la ghorofa kadhaa la Humana pale Frankfurter Tor.

Neno kuhusu ngozi. Hewa ya ndani ya nyumba zenye hita ni kavu sana. Midomo na visigino hupasuka ndani ya siku tatu. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yakiwa kwenye chupa yenye mdomo mwembamba hayatatoka ng'o. Yatie kwenye kopo la mdomo mpana, au chukua vaseline.

Kufika

Desemba hadi Februari ni mvua za Kusini. Barabara ya Mtwara hadi Dar, kama kilomita 560, iliwahi kukatika upande wa Somanga na Kilwa kwa mafuriko ya Mei 2024, magari yakalala njiani. Ukienda kwa basi, fika Dar siku mbili kabla ya ndege. Ukienda kwa ndege ya Mtwara, weka angalau siku moja katikati.

Hakuna ndege ya moja kwa moja Dar hadi Berlin. Utabadilisha Doha, Istanbul, Amsterdam au kwingineko. Seti moja kamili ya nguo za baridi ikae kwenye begi la mkononi, koti libebe mkononi. Begi kubwa likipotea kwenye mabadiliko, na hupotea, utatoka uwanjani kwenye nyuzi 1 ukiwa na ulichovaa. Tabaka la ndani livae chooni kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, usilivae Dar. Ukilitia jasho kwenye foleni ya Julius Nyerere, litafika Berlin likiwa bichi.

Zawadi zina sheria. Nyama na vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi, hata kipande cha nyama kavu. Embe linahitaji cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi na nanasi havihitaji. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, zikiwa kwenye pakiti iliyofungwa, hazina shida, na hakuna zawadi ya Kusini inayopokelewa vizuri kuliko hiyo.

Mpakani utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwenye mfumo mpya ulioanza Oktoba 2025, ambao umechukua nafasi ya mhuri wa pasipoti. Kuwa na anwani ya unakofikia, tiketi ya kurudi na karatasi ya bima mkononi, visiwe ndani ya simu iliyoisha chaji.

Uwanja wa ndege wa Berlin, BER, una stesheni ya treni chini ya jengo la abiria. Uko kwenye kanda C ya nauli, kwa hiyo tiketi ya kwenda mjini ni ya ABC, si AB. Hapa ndipo wageni wengi hupigwa faini ya euro 60. Stesheni hazina geti, unaingia tu, na wakaguzi huvaa nguo za kiraia. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye kisanduku kidogo kilichopo jukwaani kabla ya kupanda. Isiyogongwa huhesabiwa kama haipo, na kusema hukujua hakusaidii. Tiketi moja inafaa saa mbili kuelekea upande mmoja, bila kurudi. Siku utakayopanda mara tatu au zaidi, ya saa 24 ina nafuu.

Saa ya Berlin wakati huo wa mwaka iko nyuma ya yetu kwa saa mbili. Ratiba za treni zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24: 15:40 ni saa tisa na dakika arobaini alasiri.

Chumba na hita

Hita ya ukutani ina kirungu chenye namba 1 hadi 5. Namba 3 ni karibu nyuzi 20. Kuiweka 5 hakuharakishi joto. Kunaamua tu ifike wapi kabla ya kujizima, nawe utaamka usiku koo limekauka. Kila asubuhi fungua dirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10 na kirungu ukiwa umekizima, kisha funga. Dirisha likiachwa limeinama kidogo kutwa nzima, ukuta unapoa, unyevu unageuka maji kwenye kona na ukungu unaota. Mwenye nyumba akiuona, ni ugomvi.

Plagi za huko ni za miguu miwili ya duara, za kwetu za miguu mitatu bapa hazitaingia. Umeme ni volti 230, kwa hiyo adapta tu inatosha. Simu ikae mfuko wa ndani wa koti, maana betri ikipata baridi inaweza kuzima ikiwa bado na asilimia 30.

Njia ya U6

Treni ya chini ya U6 inampa mtu wa Kusini siku nzima kwa mstari mmoja. Asubuhi, mwanga ukiwa umetulia, shuka Rehberge au Afrikanische Straße, mtaa wa Wedding. Huko kuna mitaa iliyopewa majina ya Afrika enzi za ukoloni na baada yake: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Tafuta Manga-Bell-Platz, uwanja uliopewa jina la mfalme wa Waduala wa Kamerun mwaka 2022, kisha Maji-Maji-Allee. Hadi Agosti 2024 barabara hiyo iliitwa Petersallee, jina lililowekwa 1939 kwa ajili ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye huku kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Sasa imegawanywa mara mbili: kipande kimoja kina jina la vita vya 1905 hadi 1907, kingine la Anna Mungunda wa Namibia. Ni mtaa wa makazi ya kawaida, hakuna tiketi wala kibanda cha kuuza vitu, na dakika arobaini zinatosha. Tembea upande wenye jua kama lipo.

Kutembea kwenyewe kuna namna yake barafu ikitanda. Berlin humwaga kokoto ndogo kwenye njia za miguu, na wenye nyumba kwa kawaida hawaruhusiwi kutumia chumvi, kwa hiyo barafu hukaa siku nyingi. Piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima badala ya kisigino, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Barafu mbaya ni ile isiyoonekana, lami iliyong'aa kama imelowa tu. Madaraja na ngazi za stesheni huteleza kabla ya pengine pote.

Saa nane hivi panda U6 ile ile kuelekea mjini, ushuke Naturkundemuseum, kituo cha makumbusho ya elimu ya viumbe. Jengo liko Invalidenstraße 43, hufungwa Jumatatu, na siku nyingine hufunga saa kumi na mbili jioni. Tiketi nunua mtandaoni. Koti na begi vifungie kwenye kabati la sarafu, kwa sababu ndani ni joto, na ukitoka umelowa jasho utalipia nje.

Ukumbi wa kwanza ndipo alipo mjusi wa Tendaguru. Kimo chake ni mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dainosaria kilichosimamishwa duniani kirefu kuliko hicho. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 kwenye kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi kwa miguu, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, kisha zikapakiwa melini. Kiunzi kilisimamishwa 1937, na 2007 kikapangwa upya baada ya wataalamu kukubaliana kwamba miguu ya mbele ilisimama wima, haikutanuka kama ya kenge. Si mnyama mmoja. Ni mifupa ya wanyama kadhaa iliyounganishwa. Usimwangalie ukiwa miguuni pake tu. Rudi nyuma hadi mwisho wa ukumbi upate shingo yote, kisha zunguka makabati ya pembeni, ambako kuna Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na wengine waliotoka kilima kile kile. Jina la kutafuta kwenye maandishi ni Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji. Mwaka 2007 aina moja ya dainosaria wa Tendaguru ilipewa jina lake, Australodocus bohetii. Suala la kumrudisha mjusi limesemwa sana bungeni Dodoma. Uliza wahudumu wa makumbusho, wamezoea swali hilo na hulijibu kwa adabu.

Siku nyingine basi namba 100, kati ya Zoologischer Garten na Alexanderplatz, linakupitisha majengo makubwa ukiwa umekaa juu kwenye joto kwa bei ya tiketi ya kawaida. Kuba ya bunge, Reichstag, haina kiingilio, lakini lazima uandikishwe mtandaoni mapema kwa jina lililo kwenye pasipoti. Mnara wa televisheni una mita 368. Angalia juu kwanza. Kama ncha imezama kwenye wingu, utalipa kutazama ukungu. Pergamonmuseum imefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, puuza vitabu vya zamani vinavyokuelekeza huko.

Swala, chakula na Jumapili

Desemba swala hubanana. Adhuhuri huingia baada ya saa sita kidogo, Alasiri kabla ya saa nane, Magharibi karibu saa kumi. Ukiingia makumbusho saa saba na kutoka saa kumi na moja, zimekupita mbili. Pakua ratiba ya Berlin kwenye simu kabla hujaondoka. Msikiti wa Şehitlik uko Columbiadamm, Neukölln. Ramadhani ya miaka hii inaangukia kipindi cha baridi, na katikati ya baridi saumu ya huko ni fupi kuliko yetu.

Chakula cha halali ni rahisi Kreuzberg na Neukölln, hasa Sonnenallee. Soseji za mitaani, pamoja na ile maarufu ya mchuzi wa bizari, mara nyingi ni za nguruwe; neno la kuogopa kwenye orodha ni Schwein. Kwenye masoko ya Krismasi, yanayoanza mwishoni mwa Novemba, kinachonukia karafuu na mdalasini kwenye vikombe vya moto ni mvinyo. Kisicho na kileo huitwa Kinderpunsch. Kikombe kina rehani ya euro chache, irudishe upate pesa yako. Chupa za maji za plastiki nazo zina rehani ya senti 25, usizitupe. Maji ya bomba ni salama.

Jumapili maduka hufungwa. Nunua Jumamosi, au nenda yaliyopo stesheni kuu, Hauptbahnhof. Tarehe 24 Desemba mji hufunga mapema mchana, na 31 Desemba usiku fataki hurushwa mitaani ovyo kweli; mwenye watoto abaki ndani. Beba euro taslimu kiasi, maana vibanda vingi havipokei kadi.

Homa

Ukipata homa ndani ya mwezi mmoja tangu kuondoka, usikubali kuambiwa ni mafua kabla ya kupimwa malaria. Daktari wa Berlin mwezi Januari anaona mafua kutwa nzima. Mwambie mapema kwamba umetoka eneo lenye malaria na umtajie tarehe. Dharura ni 112. Daktari wa zamu kwa jambo lisilo la dharura ni 116117. Mwenye seli mundu azungumze na kliniki yake kabla ya kukata tiketi, kwa sababu baridi na kutokunywa maji ya kutosha huamsha maumivu.

Kurudi

Kama ulinunua vitu vya zaidi ya euro 50 kwenye duka moja, omba fomu ya kurudishiwa kodi. Fomu igongwe mhuri na forodha kabla begi halijapokelewa, na vitu viwe bado vinaonekana; begi likishaondoka kwenye mkanda, huna cha kuwaonyesha.

Ukifika nyumbani, koti lifuliwe, likauke juani siku mbili na litundikwe penye hewa. Likifungwa kwenye mfuko wa nailoni, masika moja ya Mtwara inatosha kulifanya jeusi kwa ukungu. Kama huna safari nyingine, mtafute anayekwenda Makambako, huko litauzwa siku hiyo hiyo.